Ardhi Imemkataa

Katika nyumba ya mifupa ya Drimopetra, masanduku yanaishia katikati ya rafu ya nne. La mwisho ni la mzee Fotis, mchunga mbuzi, jina lake likiwa limeandikwa kwa rangi ya buluu ya kupakia madirisha. Baada yake ni ubao mtupu, vumbi, na mavi ya popo. Si kwamba watu wameacha kufa. Wamekufa wengi tangu hapo, ila hakuna aliyefukuliwa akaletwa hapa. Mgeni akiuliza sababu, huambiwa kwamba hakuna mtu wa kuifanya kazi hiyo. Akiuliza yule wa zamani alikwenda wapi, watu huanza kuzungumza habari za mvua.

Yule wa zamani alikuwa Garifalia, mke wa Lambros fundi wa mapipa.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono mirefu, mwenye tabia ya kunusa kitu kabla hajakigusa. Kazi ya kuosha mifupa aliirithi kwa mama mkwe wake, kama wengine wanavyorithi cherehani. Mtu akishatimiza miaka mitatu kaburini, Garifalia alishuka shimoni na kijembe kifupi. Udongo ulipolainika aliweka kijembe kando akatumia vidole. Fuvu lilitangulia kutoka. Alilifunga kwa kitambaa cheupe akampa aliye wa karibu zaidi na marehemu, naye akalibusu. Kisha mbavu, mikono, miguu, mpaka vile vifupa vidogo vya vidole alivyovihesabu kimoyomoyo asiache hata kimoja. Vyote alivioshea divai nyekundu, akavianika juani. Mifupa ikitoka ya njano kama nta, wanawake walishusha pumzi na kujifanyia ishara ya msalaba: roho imepumzika, imesamehewa.

Lakini mara mojamoja mtu alitoka vile alivyoingia. Mweusi, ngozi imekauka juu ya uso, nywele bado zimesukwa. Hapo watu walirudi nyuma na kuziba pua, si kwa harufu tu. Walisema ardhi imemkataa, maana yake ana dhambi isiyosamehewa, au aliapizwa na padri. Walimfukia tena wakaomba miaka mitatu mingine, na familia yake iliinamisha kichwa muda wote huo.

Mama mkwe, siku alipomkabidhi kijembe, alimwambia neno moja ambalo Garifalia hakulisahau.

"Kokoto hula, mwanangu, na udongo wa mfinyanzi huhifadhi. Ukimzika mtakatifu kwenye udongo ule wa chini karibu na chemchemi, utamkuta na kope zake."

"Kwa hiyo si dhambi, mama?"

"Ya Mungu anayajua Mungu. Mimi nakwambia ya udongo. Lakini usiwaambie watu. Wakishajua ni udongo, watamwogopa nani?"

Miaka hiyo neno hilo halikuwa na uzito wowote. Makaburi ya Drimopetra yako kwenye mteremko, juu ni kokoto tupu, na huko juu ndiko watu walikozikwa tangu enzi za mababu. Kona ya chini ilikuwa ya nyasi na vyura.

Kisha siku kumi na tatu zikaondolewa kwenye kalenda.

Serikali ilifanya hivyo na Kanisa likaifuata, na Papa Stathis, padri wa kijiji, akasoma tangazo Jumapili kwa sauti ile ile aliyosomea habari za mbuzi waliopotea. Nusu ya watu wakasema sawa. Nusu wakasema baba zetu walisherehekea Krismasi yao, na ya kwao ndiyo tutakayosherehekea. Lambros alikuwa wa nusu hii ya pili, na mkewe akawa wa upande wa mumewe. Hakuamua, alifuata tu, kama mkia unavyomfuata mbuzi.

Mwanzoni watu walicheka. Drimopetra ina tanuri moja, na wanawake wote huoka hapo. Siku ya Krismasi ya kalenda mpya, Polixeni alikuja na sinia la nyama ya nguruwe, na Garifalia na chungu cha maharage. Polixeni ndiye aliyemshika mtoto pekee wa Garifalia siku ya ubatizo. Alikuwa mama yake wa ubatizo, nao wawili tangu siku hiyo waliitana somo.

"Karibu mguu wa nguruwe, somo."

"Acha uchokozi. Unajua bado tuko kwenye mfungo."

"Ninyi mko mwaka jana! Sisi tumeshafika. Mkifika mtatukuta tumelala chali, matumbo juu."

"Mtalala, lakini Mtakatifu Petro atawauliza mlangoni: siku kumi na tatu mlizipeleka wapi? Mtasema mlizila na nguruwe?"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaunguza mkate.

Huo ulikuwa ugomvi wa siku, na ugomvi wa siku watu wanaweza kuubeba. Mtawa Sinesios ndiye aliyeleta uzito mwingine. Alikuja kutoka Mlima Mtakatifu juu ya nyumbu, mtu wa mifupa na macho, akawa anaendesha ibada ndani ya banda la mapipa la Lambros, katikati ya harufu ya mwaloni. Yeye hakuuliza tarehe. Aliuliza: kikombe cha Papa Stathis kina damu ya Bwana, au kina divai tu? Anapobatiza mtoto, Roho hushuka, au mtoto analowa maji tu? Akajibu mwenyewe kwamba waliohama kalenda wamehamwa na neema. Misa yao ni mchezo wa kuigiza, na ubatizo wao ni kuogesha.

Hata bandani humo si wote waliokubali. Wazee watatu walisema: ndugu zetu wamekosea, lakini neema haihami kama kodi ya nyumba. Lambros aliwaonyesha mlango. Wakaondoka, wakawa wanasali nyumbani peke yao, wala huku wala kule.

Sinesios aliwataka wote waliobatizwa na Papa Stathis baada ya mabadiliko wapakwe mafuta upya, kana kwamba hawakuwahi kuwa Wakristo. Mtoto wa Garifalia, Morfoula, alizaliwa mwaka wa pili wa kalenda mpya. Garifalia akawa anaahirisha. Mara mtoto anakohoa, mara tungoje baada ya mavuno. Kumpaka upya ilikuwa sawa na kumwambia Polixeni: siku ile uliposimama na mwanangu mikononi ukamkana Shetani mara tatu, ulikuwa umeshika mtoto mwenye maji kichwani, basi.

Msimu mmoja wa baridi mafua yaliua watu wengi. Kokoto za juu zikajaa, hata pa kuweka mguu hakuna, na Papa Stathis akafungua kona ya chini. Wa kwanza kuzikwa huko alikuwa Thomais, mama yake Polixeni, mkunga aliyekata vitovu vya nusu ya kijiji. Alikuwa wa kalenda mpya. Alishinda akisema kwamba akiwa na umri ule, siku kumi na tatu za kupunguziwa ni zawadi.

Baada ya miaka mitatu walikuja wote kumfukua, wa huku na wa kule, kwa sababu wote aliwapokea yeye duniani. Garifalia alishuka. Kijembe kilipoinua udongo, udongo ulitoka vipande vizito, vya kung'aa, na alijua kabla hajafika. Aliendelea hata hivyo. Alipoufuta uso wa Thomais kwa kiganja, alimkuta na kope zake.

Kisha mwanamke mmoja wa bandani akasema kwa nguvu, "Haya! Neema yao iko wapi?"

"Nyamaza, mbwa wewe!" alijibu mtu wa upande wa pili.

"Sinyamazi! Alizikwa na padri asiye na kitu, ndiyo haya! Muulizeni Garifalia. Yeye mikono yake inajua. Sema, Garifalia. Ni nini hiki?"

Garifalia aliinua macho. Aliiona miguu ya watu kwanza, kisha nyuso. Uso wa Polixeni ulikuwa mweupe, umening'inia juu ya shimo, ukimwomba. Nyuma yake alisimama Lambros, na kando ya Lambros mtawa. Ulimi hauna mfupa. Angeweza kusema: udongo. Neno moja, nalo lilikuwa la kweli, na mama mkwe alimwachia. Lakini angelisema, jioni angelala wapi?

"Ardhi imemkataa," alisema.

Polixeni hakulia. Alikaa chini palepale kwenye matope.

Kabla mwezi haujaisha familia kumi na nne zilihamia bandani. Lambros alilazimika kutoboa ukuta kupanua mlango. Watu hawakuwa wameelewa hoja za mtawa, lakini waliona uso wa Thomais, na walilisikia neno la mwoshaji. Papa Stathis, aliyebaki na kanisa lenye mwangwi, alifanya jambo moja tu. Alikuwa na ufunguo wa lango la makaburi, akatangaza kwamba tangu siku hiyo watu wa banda watazikwa kona ya chini, na watu wa kanisa watabanana juu, hata kama ni kupandiana.

Polixeni hakuja tena kwenye tanuri saa ambazo Garifalia alikuja. Ila kwa Morfoula hakubadilika. Kila Pasaka alimpelekea mshumaa na viatu, kama mama wa ubatizo anavyotakiwa, akaviacha kizingitini bila kubisha.

Morfoula alipotimiza miaka kumi alipatwa na dondakoo. Siku nne. Siku ya tano, alfajiri, mama yake alikuwa akimfuta shingo, na shingo ikawa haina haja tena ya kufutwa.

Garifalia hakupiga kelele. Aliwaachia wanawake wengine maombolezo, akajifunga kitambaa kichwani na kwenda kwa Papa Stathis. Alimkuta akikata kuni.

"Papa Stathis. Nipe mahali juu."

Padri alishusha shoka. Alikuwa mtu mnene, mchovu, mwenye ndevu za rangi ya tumbaku. "Mungu ampumzishe mtoto," alisema. "Nilimbatiza mimi. Alinitemea maji usoni."

"Nipe mahali juu, Padri. Padogo tu. Ni mtoto."

"Kwa nini juu?"

Garifalia aliokota ukuni, akauweka juu ya rundo.

"Kona ya chini ina nini, Garifalia? Kuna maua. Kuna chemchemi. Wewe ulituambia sote kwamba si mahali. Ni neema. Basi kama neema iko kwenu, unaogopa nini?"

"Unajua ninaogopa nini."

"Najua," alisema padri. "Nilikuwa shemasi kwenye kijiji cha mabondeni, cha udongo ule ule. Nilijua siku ile ile ya Thomais. Lakini mimi ningesema nani angenisikiliza? Wangesema ninalinda sadaka zangu. Aliyetakiwa kusema ni wewe." Aliegemeza shoka kwenye gogo. "Leo jioni kengele ya sala ya jioni itapigwa. Njoo kanisani, simama mbele ya watu, sema kwamba Thomais alizuiwa na udongo, na kwamba ulijua. Ukimaliza nakupa mahali pale karibu na mlozi. Kokoto safi. Nitachimba mwenyewe."

Alirudi nyumbani akamweleza Lambros, wakiwa wamesimama katikati ya banda, sanduku la mtoto likisubiri ubavu mmoja.

Lambros alisikiliza bila kuacha kazi. Aliuliza kitu kimoja. "Ulijua?"

"Nilijua."

Alipiga msumari mmoja, kisha wa pili. "Familia kumi na nne," alisema. "Wazee, wajane. Wametukanwa kwa ajili ya imani hii. Yule mchoma chokaa, ndugu yake hamsemeshi mpaka leo. Unataka niende niwaambie wamesimama juu ya udongo?"

"Nataka mtoto wangu alale pakavu."

"Mtoto ni wangu pia!" Aliketi juu ya pipa, nyundo mapajani. "Sikiliza, mke wangu. Kama imani yetu ni ya kweli, Mungu hatashindwa na udongo. Mtoto atatoka msafi kama ngano. Na kama hatatoka msafi... Mungu hatashindwa na udongo."

Kengele ya sala ya jioni ilipigwa. Garifalia aliisikia akiwa amekaa kitandani kwa mtoto, mikono magotini. Ilipigwa mara nyingi kuliko kawaida. Kisha ikaacha.

Asubuhi kabla ya maziko alifanya alichoweza. Alikwenda mtoni na kikapu akarudi na kokoto, akaenda tena, safari kumi na moja, akalitandika shimo chini na pande zote kama ndege anavyotandika kiota. Walioona waliuliza. Alisema ni kwa ajili ya maji. Mtawa alisoma, Lambros alifukia. Polixeni alisimama nje ya ukuta, peke yake, na mshumaa.

Kaburi la kokoto huzama. Yeyote aliyeifanya kazi ile anajua: mwili ukiisha, udongo hushuka, na juu panakuwa na bonde dogo kama alama ya mtu aliyeamka kitandani. Kwa miaka mitatu Garifalia alikwenda kona ya chini kila Jumamosi, na kabla hajawasha taa alilaza kiganja juu ya kaburi. Mwaka wa kwanza halikuzama. Alijiambia ni mapema. Mwaka wa pili mvua zilikuwa kubwa, mteremko ukateleza kidogo, na alipochokoa pembeni kwa kidole alikuta udongo wa mfinyanzi umepenya katikati ya kokoto zake na kuzimeza. Mwaka wa tatu kaburi lilikuwa limevimba kama mkate.

"Tumwache," alimwambia Lambros. "Miaka mitatu mingine. Watu hufanya hivyo."

"Wakisema tunaogopa?"

"Tunaogopa, baba."

"Mimi siogopi," alisema.

Alikuwa ameshamwalika Sinesios. Alikuwa amewaambia wote. Kwa kalenda mpya miaka mitatu ilitimia siku ya Jumanne. Polixeni alikwenda siku hiyo akawasha mshumaa, akaondoka. Bandani tarehe ile ile ya daftari la serikali waliihesabu kwa kalenda yao, ikaangukia siku kumi na tatu baadaye, na siku hiyo kijiji kizima kilikuwepo. Hata watu wa kanisa walikuja, wakasimama upande wa juu wamekunja mikono, kama watu wanaongoja mnada. Papa Stathis alikuja pia. Garifalia alikuja na kijembe, kitambaa cheupe, na chupa ya divai ambayo alijua hataifungua.

Alishuka. Alichimba taratibu, si kwa uangalifu bali kwa kuchelewesha. Udongo ulitoka vipande vya kung'aa. Juu yake mtawa alikuwa akiimba, Lambros akiitikia. Kisha kuimba kukapungua, kwa sababu waliokuwa mbele walikuwa wameanza kuona.

Aliufuta uso kwa kiganja.

Nywele zilikuwa zimesukwa kama alivyozisuka. Utepe ulikuwa umebaki mwekundu.

"Eeeh," mtu wa upande wa juu alisema, polepole, karibu kwa utamu. "Neema yenu iko wapi sasa?"

Garifalia alisimama shimoni, udongo mpaka viwikoni. "Ni udongo," alisema.

"Unasemaje? Paza sauti, mama!"

"Ni udongo! Kona hii ni ya mfinyanzi, haimwachii mtu. Hata kwa Thomais ulikuwa udongo. Nilijua. Mama mkwe wangu aliniambia. Nilisema ardhi imemkataa na nilijua ni uongo. Thomais hana kosa. Mtoto wangu hana kosa. Si neema, si kalenda. Ni udongo!"

Kwa muda mfupi, kama pumzi moja, ilionekana kana kwamba neno lingewafikia. Kisha kikaja kicheko kutoka upande wa juu.

"Thomais alikataliwa, wa kwake ni udongo! Sikieni basi!"

"Miaka mitano iliyopita udongo haukuwepo, leo umeletwa na nani, na mkokoteni?"

Na upande wa chini, kwa sauti ya huruma iliyo mbaya kuliko tusi, mke wa mchoma chokaa alisema, "Mwacheni. Ni uchungu wa mama. Hajui anachosema."

Garifalia alimtafuta Papa Stathis kwa macho. "Padri. Waambie. Wewe unajua."

Papa Stathis aliwatazama watu wake. Wengi walikuwa wanatabasamu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Wengine, waliokuwa wamehamia bandani, walikuwa wameanza kusogea, hatua moja moja, kurudi upande wa juu. Padri alifungua mdomo. Alivuta ndevu zake. "Tumwombee mtoto," alisema, akainamisha kichwa.

Mtawa Sinesios ndiye aliyeinua mkono, na watu wakanyamaza. Hakuwa mtu mkatili. Alizungumza kama tabibu.

"Lambros. Nani alimbatiza binti huyu?"

Lambros alikuwa amesimama ukingoni, hatazami chini. "Papa Stathis."

"Alipakwa mafuta upya?"

Lambros aligeuza kichwa, akamtazama mkewe shimoni. Miaka yote ile ya kukohoa na mavuno ilipita katika macho yake. "Hapana," alisema. "Mama yake alikuwa anaahirisha."

"Basi hakuwa wetu," alisema mtawa. "Alikufa bila ubatizo wa kweli. Ardhi imesema kweli mara zote mbili."

Watu wa bandani walishusha pumzi. Ungeweza kusikia pumzi za watu sitini zikishuka kwa pamoja, kama upepo kwenye ngano. Waliokuwa wameanza kusogea walirudi walipokuwa. Lambros naye alishusha pumzi yake. Mkewe aliiona, alikiona kifua kikishuka, na hicho ndicho kitu ambacho hakuweza kumsamehe, kuliko maneno yoyote. Alikuwa amemtoa mtoto wao, ili banda lisimame.

Waliondoka kwa makundi, wa juu kwa lango, wa chini kwa tundu la ukuta wa makaburi, kila upande ukiwa na ushahidi wake. Hakuna aliyemfukia mtoto, kwa maana kufukia ni kazi ya mwoshaji.

Polixeni alibaki. Alisimama vile vile Garifalia alivyomwona siku ya kumfukua mama yake, uso ukiwa umening'inia juu ya shimo.

"Mama yangu," alisema. "Ni udongo tu?"

"Ni udongo, somo."

"Miaka mitano nimefunga kila Ijumaa kwa ajili yake. Bila mafuta. Nilitafuta alikuwa na dhambi gani. Nimemfikiria mama yangu mambo... Nilimfikiria kwamba aliua watoto. Wale waliozaliwa wakiwa wafu. Nilifikiri labda aliwaua."

Garifalia alijipangusa uso kwa kiwiko, akajipaka udongo zaidi.

"Na huyu hukumpaka upya kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako."

Polixeni alitazama utepe mwekundu. Yeye ndiye aliyeuleta, Pasaka ya mwisho. Kisha akausukuma mlundo wa udongo kwa mguu, kidogo, ukaporomoka ndani. Akaokota sepetu lililoachwa nyasini, akalishusha shimoni, mpini ukitangulia, ili somo wake aweze kulifikia. Akaenda zake.

Divai ilirudi nyumbani chupa ikiwa imejaa.

Baada ya hapo Garifalia hakumfukua mtu. Walikuja wa kanisa, walikuja wa bandani, kila mmoja na miaka yake mitatu iliyotimia kwa kalenda yake. Aliwasikiliza wote mlangoni, akawajibu maneno yale yale: "Mwacheni alale." Wengine walijaribu wenyewe, wakavunja mafuvu kwa majembe ya shambani, wakaona aibu, wakaacha. Vijana hawakutaka kujifunza. Mtawa Sinesios alikufa mahali pengine. Papa Stathis alikufa akazikwa juu, kwenye kokoto, karibu na mlozi. Lambros aliishi bandani tangu jioni ile. Mkewe alimpelekea chakula mara mbili kwa siku, akakiweka juu ya pipa, na hawakugombana hata mara moja.

Alipokuwa anakufa, padri mpya wa kanisa, kijana mpole aliyesoma mjini, alimwambia kwamba mambo yale yamepita, na kwamba juu kuna nafasi. Garifalia alitikisa kichwa.

Amelala kona ya chini, hatua mbili kutoka chemchemi, kando ya Morfoula. Ni mwaka wa thelathini na moja sasa tangu azikwe. Tangu hapo makaburi hayo mawili hayajafunguliwa, wala hayajazama.